Mashine ya Marehemu Dogbe

Watu wa mji wetu wa Hohoe huamka mapema. Jua halijachungulia juu ya milima, Enyonam ameshachemsha uji wake wa mahindi na kukaanga maandazi ya kunde. Hujitwika beseni, akaenda kuuza mbele ya lango la chuo cha ufundi. Mumewe, Elikem, ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Ni chumba kimoja cha matofali, bati juu, saruji chini.

Zamani Enyonam akirudi na beseni tupu alimkuta mumewe kazini, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Kisha ikaja miezi ambayo alimkuta nje, ameketi juu ya gogo, anautazama mlango wa karakana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, mchana kweupe. Mtu mzima, fundi wa watu, alikuwa anauogopa mlango wake mwenyewe.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na mashine ya kupasulia mbao. Ilikuwa meza ya chuma yenye ufa katikati. Kwenye ufa ulitokeza msumeno wa duara. Kulia kwa msumeno palikuwa na chuma kirefu kilichosimama wima. Mafundi wa kwetu hukiita ukuta, kwa sababu ubao huuegemea ukisukumwa kwenda kwenye meno.

Mashine hiyo ilikuwa ya baba mkubwa wa Elikem, Mzee Dogbe. Aliifanyia kazi miaka arobaini. Alikufa usingizini, mzee wa miaka themanini, akiwa na vidole vyake vyote kumi. Kwetu fundi hazikwi mikono mitupu. Mzee Dogbe alitiwa penseli yake kwenye jeneza, na futi yake ya kukunja, na kipande cha chuma kutoka kwenye mashine yenyewe. Elikem alikifungua kwa spana kwa mkono wake. Watu walimsifu sana kwa heshima ile.

Baada ya mazishi Elikem alirithi karakana. Alibandika picha ya tanzia ya mzee ukutani, mkabala na mashine. Basi ukiwa unapasua mbao, marehemu alikuwa nyuma yako, anakutazama mgongo.

Palikuwa na jambo jingine. Mbele ya mashine, kushoto kidogo, saruji ilikuwa imelika. Kulikuwa na mashimo mawili madogo, marefu kiasi cha nyayo. Mzee Dogbe alisimama pale miaka arobaini. Hakuna aliyetaka kukanyaga hapo. Nani atie mguu wake kwenye nyayo za maiti? Elikem alisimama pembeni yake, upande wa kulia, nyuma ya ubao anaousukuma.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Elikem alikuwa anapasua ubao wa mvule. Ghafla mashine ililia. Sauti ilikuwa nyembamba, ndefu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Ubao ulimponyoka mikononi, ukarudi nyuma, ukampita kiunoni na kugonga ukuta wa chumba. Ulipoanguka, Elikem aligeuka. Picha ya Mzee Dogbe ilikuwa imetoboka kifuani.

Mwezi wa pili ikawa zamu ya Senanu. Senanu alifanya kazi hapo tangu ujana wake. Alikuwa anakata vipande vifupi vya miguu ya viti. Mashine ililia tena. Kipande kilijipinda na kuruka, mkono wa kushoto ukavutwa. Akapoteza vidole viwili. Aliporudi kutoka hospitali hakuja tena karakanani, wala hakutaka kuongea na mtu.

Hapo ndipo Shangazi Abla alipoingia kati. Huyu ni dada wa marehemu, mwanamke mrefu, mwenye sauti inayofika soko zima.

"Kaka yangu alikuwa mchoyo wa vyombo tangu utotoni," alisema. "Ukigusa nyundo yake anakurushia kitu. Nyinyi mnadhani kufa kumembadilisha? Kuna kitu amekishika, hakiachii."

Shangazi alikoroga unga wa mahindi kwenye maji, akauchanganya na mafuta ya mawese. Akaumimina juu ya meza ya mashine huku akimbembeleza kaka yake aache hasira. Alifanya hivyo kila Ijumaa. Uji ule ulitiririka, ukaingia chini ya ukuta wa mashine, ukakauka. Mashine haikutulia. Ilizidi kulia.

Kisha likaja jambo lililowatoa watu jasho la baridi. Umeme ulikatika asubuhi, kama kawaida yake. Elikem aliutoa ubao wake, akafunga mlango, akaenda kula. Saa sita mchana kila kitu kilikuwa kimya. Hata mbuzi walikuwa wamelala. Shangazi Abla alikuwa uani anachuma bamia. Mara mashine ikanguruma ndani ya chumba kilichofungwa.

Shangazi aliuliza nani yuko ndani. Elikem alitoka jikoni na tonge mkononi. Walitazamana. Wote wawili walikuwa nje.

Elikem alilitoa komeo. Msumeno ulikuwa unazunguka peke yake. Vumbi la mbao lilikuwa linapanda hewani. Ukutani picha ya marehemu ilikuwa inapepea, inainuka na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua. Elikem aliizima mashine kwa mpini wa ufagio, kwa sababu mkono wake ulikataa kwenda.

Habari ilienea mji mzima kabla ya jioni. Watu walisema mashine imechukua picha, ikachukua vidole, sasa inataka mtu. Shangazi Abla aliita wazee wa ukoo. Wakakubaliana kwamba Jumapili itakayokuja mashine ibebwe ikafukiwe kando ya kaburi la mwenyewe. Elikem alihesabu hasara yake. Bila mashine ile angebaki fundi wa kupiga misumari viti vya watu vilivyolegea.

Alhamisi, kabla ya Jumapili hiyo, aliamua kujaribu mara moja ya mwisho. Hakumwambia mtu.

Enyonam alijua Ijumaa, wakati wa kufua. Alikuta shati la mumewe limepasuka ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni. Alilishika mbele ya mwanga akalitazama. Kisha alimfuata Elikem, akamfunua shati alilovaa. Ubavuni palikuwa na mchubuko mwekundu.

"Hiki ni nini, Baba Dela?"

"Ubao ulinikwaruza."

"Ulikuwa unapasua?"

Elikem alilishusha shati. Enyonam alilitupa lile lililopasuka miguuni pake.

"Sikiliza. Mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na kaburi. Ukiigusa tena mashine hiyo, namchukua mwanetu Dela, narudi kwa mama yangu kule Kpando. Utabaki na huyo mzee wako wa ukutani."

Asubuhi ya Jumamosi, Enyonam aliuza uji huku machozi yakimlengalenga. Chuo kilikuwa na masomo ya nusu siku. Mteja wake wa kwanza alikuwa Madam Akpene, mwalimu wa useremala. Ni mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, anayevaa ovaroli ya buluu na kupenda karanga nyingi kwenye uji. Aliuliza kuna nini. Enyonam alimweleza yote, tangu mazishi hadi shati.

Madam Akpene alisikiliza bila kunywa uji wake. Alipomaliza kusikia, aliuliza swali moja.

"Siku ile mashine ilipojiwasha, umeme ulikuwa umekatika kabla?"

"Tangu asubuhi."

"Na mumeo alikuwa ameizima swichi?"

Enyonam hakujua. Madam alikunywa uji wake wote kwa mkupuo. Alisema masomo yakiisha atakuja.

Alifika saa saba, na umeme ulikuwa bado haujarudi tangu Alhamisi. Shangazi Abla alikuwepo, amekaa mlangoni kwenye kigoda na bakuli la bamia, akizuia watu wasiingie. Alimpima Madam kwa macho, toka viatu hadi ovaroli.

"Unaingia humo na vidole vingapi?" aliuliza.

Madam aliinua mikono yote miwili. "Kumi, shangazi yangu. Miaka thelathini na moja kwenye mashine kama hii. Nakuomba unihesabie tena nikitoka."

Shangazi alisogeza kigoda. Mtu anayejibu vizuri alimpenda, hata akiwa anakwenda kufa.

Madam hakuigusa mashine. Kwanza alichomoa plagi ukutani, akaitupa juu ya kisanduku ili kila mtu aione. Kisha aliitazama swichi. Ilikuwa imewashwa.

"Fundi, lini uliitumia mara ya mwisho?"

"Alhamisi," alijibu Elikem kwa sauti ndogo. "Ubao uliponipita nilikimbia nje. Umeme ulikatika nikiwa bado nje. Sikurudi."

"Basi imekaa siku mbili inasubiri. Jana umeme haukurudi kabisa, ndiyo bahati yenu. Umeme ukirudi, nayo inarudi. Haijui kama mkono wa mtu uko juu ya meno, au wa mtoto. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuzima swichi. Cha pili ni kuchomoa plagi. Na Jumatatu mtafute fundi umeme awafungie swichi ile inayojizima yenyewe umeme ukikatika, isiyowaka mpaka uibonyeze."

Elikem alikumbuka tonge mkononi, na mpini wa ufagio. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa bado kubwa kuliko aibu.

"Na mbao?" aliuliza. "Nani anazirusha?"

Madam alikwenda ukutani kwenye picha. Alikuta matundu matatu, karibu karibu. Alichukua chaki. Akapiga mstari sakafuni kutoka kwenye msumeno, moja kwa moja, hadi chini ya picha. Ulikuwa mstari mweupe, umenyooka.

"Hii ndiyo njia ya ubao ukirushwa. Haina njia nyingine. Sasa simama kama unavyosimama ukipasua."

Elikem alisimama. Wote walitazama miguu yake. Mstari ulipita katikati ya viatu vyake. Enyonam alijishika mdomo.

"Nyuma yako kuna picha, mbele yako kuna meno, na wewe uko katikati," alisema Madam. "Haya mashimo mawili sakafuni ni ya nani?"

Shangazi Abla alisema kutoka mlangoni kwamba ni nyayo za kaka yake.

"Ziko nje ya mstari. Kushoto. Mzee huyu alijua pa kusimama, akasimama hapo mpaka saruji ikalika. Nyinyi mmezikwepa nyayo zake kwa heshima, mkaenda kusimama njiani."

Kisha Madam aliinama nyuma ya msumeno. Alitia kidole kwenye matundu mawili ya boliti yaliyokuwa wazi. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulimi uko wapi?"

"Ulimi upi?" aliuliza Elikem. Lakini alishajua.

"Chuma kilichopinda kama mundu. Kinasimama nyuma ya msumeno, karibu na meno. Mbao za mvule na msaji zina nguvu ndani yake. Ukizipasua, nusu mbili hutaka kurudiana, zinafumba kama mdomo. Ulimi unakaa katikati kuzizuia. Bila ulimi, ubao unaubana msumeno. Ndipo unaposikia ule mlio. Meno ya nyuma yanaunyanyua ubao, yanaurusha kwako. Ulimi uko wapi, fundi?"

Elikem alitazama picha ya baba yake mkubwa.

"Uko mkononi mwake," alisema. "Nilimzika nao."

Shangazi Abla aliinuka kwenye kigoda chake. Kanga yake ilikuwa imemponyoka begani na hakuiona.

"Niliwaambia," alisema taratibu. "Niliwaambia kaka yangu ameshika kitu. Mkasema mimi mzee."

Wala hakukosea. Nywele zilinisimama nilipohadithiwa jambo hili, na zinanisimama hata sasa ninapoliandika. Marehemu hakufanya lolote. Alilala kaburini na kile alichopewa, na walio hai wakawa wanaumia kwa kukikosa.

Elikem aliuliza kama inabidi kaburi lifukuliwe. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Madam akasema la, maiti aachwe apumzike. Mhunzi yeyote mwenye bamba zuri la chuma anaweza kutengeneza ulimi mwingine, mradi apewe vipimo. Uwe mwembamba kidogo kuliko njia inayokatwa na meno, ila mnene kuliko bati la msumeno lenyewe. Usimame sawasawa nyuma ya msumeno. Nafasi kati yake na meno isizidi unene wa penseli.

Kisha alipima nafasi kati ya msumeno na ukuta wa mashine. Alipima mbele, akapima nyuma. Nyuma palikuwa pembamba zaidi, kwa kiasi cha ukucha. Ukuta ulikuwa umekaa upande. Madam alikwangua chini yake kwa bisibisi. Vikatoka vipande vilivyoganda, vigumu kama jiwe.

"Hiki ni nini?"

Enyonam alimtazama shangazi. Shangazi alitazama bamia zake.

"Chakula," alisema Shangazi Abla.

Madam hakucheka, ingawa wengine tungecheka. Alimweleza kwa upole kwamba unga umegandisha ukuta usikae sawa. Ubao ukisukumwa humo unabanwa kama mtu anayepita mlango unaofungwa. Kila Ijumaa mambo yalizidi kuwa mabaya.

"Shangazi, kaka yako mpe kinywaji chake chini, udongoni, kama tunavyowapa wetu wote. Mashine usiilishe. Haina tumbo. Ina meno tu."

Wakati huo taa ya chumbani iliwaka. Umeme ulikuwa umerudi. Macho yote yalikuwa kwenye msumeno. Enyonam alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Mashine ilikaa kimya. Plagi ilikuwa juu ya kisanduku, pale ilipotupwa.

Madam Akpene alitoka nje, akamwinulia shangazi mikono. Shangazi alihesabu kweli, kidole kwa kidole, akafika kumi.

Jumapili wazee wa ukoo walikuja na kamba na miti ya kubebea. Shangazi Abla aliwarudisha. Alikwenda kaburini yeye mwenyewe, akamwaga kinywaji udongoni. Alimwambia kaka yake kwamba ule ulimi ni wake, akae nao, wao watatengeneza mwingine.

Ulimi mpya ulikuwa tayari baada ya siku nne. Madam alikuja jioni tatu mfululizo kumfundisha Elikem upya, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Elikem aliona uchungu kidogo. Miaka kumi na mbili ni fundi, leo anaambiwa afunge mikono ya shati. Lakini aliifunga, akavaa miwani ya kukinga macho, akavua saa na glavu. Glavu ikinaswa na meno huvuta mkono wote.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupasua kwa urefu, kufuata nyuzi za mti. Madam alimwonyesha kuinua msumeno uupite ubao kwa kimo cha jino moja tu. Upande wa ubao unaoegemea ukuta lazima uwe umenyooka, umepigwa randa. Ubao uliopinda usiuegemeze kamwe. Mkono ukifika karibu na meno, urudi, fimbo ya kusukumia ndiyo iendelee. Kisha akasema, "Sasa simama."

Elikem alitazama yale mashimo mawili. Alivua viatu. Aliingiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Saruji ilikuwa ya baridi. Nyayo zake zilienea mle ndani bila kubaki nafasi. Alisema baadaye kwamba alihisi kama mtu amesimama nyuma yake, karibu sana, na kwamba safari hii hakuogopa. Madam alimwachia ahisi, kisha akamwamuru avae viatu. Mguu mtupu hauna kazi karakanani.

Aliusukuma ubao wa mvule. Nusu ya njia, mashine ikaanza kulia, nyembamba na ndefu. Enyonam, aliyekuwa dirishani, alirudi hatua moja. Nyuma ya msumeno nusu mbili za ubao zilianza kurudiana, polepole, kama midomo. Zikaushika ulimi. Zikakwama hapo. Mlio ukashuka, ukaisha. Elikem aliendelea kusukuma kwa fimbo mpaka ubao ukapita wote.

Siku ya pili ilikuwa ya kukata kwa kukingama nyuzi. Madam aliuliza Senanu alikatwaje. Elikem alieleza. Vile vipande vifupi vilisukumwa huku mwisho wake umeegemea ukuta wa mashine. Ndivyo Elikem alivyomwelekeza, ili vitoke sawa kwa haraka.

"Kipande kilinaswa kati ya ukuta na meno," alisema Madam. "Hakikuwa na pa kwenda, kikajipinda. Ukikata kwa kukingama, ukuta weka mbali. Tumia kibao cha kuteleza kinachobeba ubao wote. Ukitaka vipande vya urefu mmoja, funga kibonge cha mti mwanzoni mwa ukuta, ubao upimiwe hapo kabla ya kufika kwenye meno. Kikikatwa, kipande kinabaki huru. Na usikiokote mpaka msumeno usimame kabisa."

Mikato ya pembe ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Unageuza kiongozi cha kibao, kile ambacho ubao hukiegemea, kwa pembe unayotaka, unajaribu kwanza kwenye ubao wa kutupa, unashika imara kwa sababu ubao hupenda kuteleza. Ukiulaza msumeno wenyewe kwa mkato wa mshazari, hakikisha umelalia upande usio na ukuta, ili kipande kisibanwe chini yake. Siku ya tatu walichimba mifereji ya milango, ile isiyotoboa ubao. Madam alisema huo ndio mkato unaodanganya watu, kwa sababu meno hayaonekani juu ya ubao. Ulimi unashushwa chini ya kimo cha meno, hautolewi. Kiganja kisipite kamwe juu ya mahali msumeno ulipo. Sukuma kwa kibao chenye mpini.

Mambo haya yote Elikem aliyashika. Lakini usiku hakulala. Neno moja lilimkaa kooni, nalo ni hili: ndivyo nilivyomwelekeza.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alikwenda kwa Senanu. Alimkuta uani anabambua karanga kwa mkono wa vidole vitatu. Senanu hakumwambia karibu. Elikem alikaa chini bila kukaribishwa, akaeleza. Ulimi alioutoa yeye. Vipande alivyoagiza yeye.

Senanu aliendelea kubambua karanga.

"Unajua niligombana na mzee wiki moja kabla hajafa?" alisema mwishowe. "Nilimwita bahili. Akafa sijamwomba radhi. Vidole vilipokwenda nikasema, haya, amenilipa. Miezi saba nakwenda kaburini kila Jumamosi, namwomba anisamehe. Namwambia, mzee, umeshachukua viwili, viache vilivyobaki."

"Senanu, mzee hakukuchukia."

"Hakunichukia?"

"Hakuchukua kitu chako. Ni mimi."

Senanu aliweka bakuli chini. Mabega yake yalianza kutikisika. Elikem hakujua kama analia au ana hasira, na nadhani yote mawili yalikuwemo.

"Toka kwangu leo, kaka," alisema Senanu. "Toka kabla sijasema neno."

Elikem alitoka. Jumatatu alifungua karakana mapema, akafagia mara mbili. Saa tatu kivuli kilisimama mlangoni. Senanu alikuwa amevaa nguo za kazi. Aliitazama mashine muda mrefu, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemuuma. Kisha alificha ule mkono wa kushoto nyuma, akautoa tena.

"Nionyeshe pa kusimama," alisema.

Elikem alimwonyesha. Siku hiyo Senanu alikata miguu ya viti kumi na sita kwa kibao cha kuteleza, na baada ya kila mmoja alisubiri msumeno usimame ndipo akaokota. Sasa umepita mwaka na nusu. Karakana ile imetoa milango ya zahanati na madawati ya shule mbili. Elikem ana vidole kumi, Senanu ana vinane, na hakuna kilichopungua.